Tuyafungulie Maji Njia

Leo nataka tuzungumze habari ya chumvi, ingawa mimi nawe tuko Mwanza, kwenye ziwa la maji baridi, na chumvi yetu huja na lori. Nivumilie kidogo. Tutashuka pwani, tutavuka bahari, kisha tutarudi Magu, Misungwi na Ilemela, kwenye mabonde yetu wenyewe.

Kuanzia Tanga, Bagamoyo na Kunduchi hadi Lindi na Mtwara, kuna majaruba ya chumvi. Anayeyatengeneza huchagua tambarare iliyo nyuma ya mikoko, na pengine huikata mikoko yenyewe, akapandisha tuta la udongo na kuacha mlango. Bamvua likija hufungua, maji ya bahari yakaingia. Yakianza kupwa hufunga. Maji hayo huhamishwa jaruba hadi jaruba, jua na upepo vikiyapunguza, mpaka chumvi igande chini na kukwanguliwa. Ni kazi ya halali na ya jasho jingi. Ila tuta likishasimama, maji kujaa na maji kupwa hayafiki tena kule nyuma. Mikoko iliyobaki ndani hukauka ingali imesimama, kaa na kamba hawana pa kulelea watoto wao, na udongo hugeuka mgumu na mweupe, wenye chumvi kuliko bahari. Mwenye shamba akishindwa na bei akaondoka, tuta linabaki palepale, na ndani yake hakuoti kitu kwa miaka mingi.

Wako watu waliolifanya jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Katika Ghuba ya San Francisco, huko Marekani, biashara ya chumvi ilishika kasi miaka ya 1850, ikameza vinamasi vya kusini mwa ghuba karibu vyote. Mwaka 2003 serikali kuu na serikali ya jimbo la California zilinunua kutoka kampuni ya Cargill mabwawa ya chumvi ya zaidi ya hekta 6,000, zikatangaza kazi ya kuyarudisha kuwa kinamasi, kazi waliyoipangia miaka 50. Mimi nimevutiwa zaidi na mahali walipoanzia. Mwezi Machi 2006, karibu na kitongoji cha Alviso, waliyapelekea kijiko mabwawa matatu yaliyoitwa kwa namba tu, A19, A20 na A21, wakakata matuta yake. Bahari ikaingia na kutoka, mara mbili kwa siku, ikiacha tope jembamba kila ilipotoka. Tope likapanda. Mbegu zikaja na maji. Baada ya miaka michache bwawa A21 lilikuwa limeota majani ya kinamasi, na hakuna aliyekwenda kuyapanda mche kwa mche.

Mambo hayakuwa mepesi kila mahali, na hapo ndipo mtu wa Mwanza anapaswa kutega sikio. Ardhi ya Alviso ilikuwa imezama mita kadhaa, kwa sababu watu wa bonde lile walivuta maji ya chini ya ardhi kwa visima kwa miongo mingi. Mahali pengine ukikata tuta unapata ziwa, hupati kinamasi, mpaka tope lijaze shimo kwanza. Tena kulikuwa na zebaki iliyotiririka kutoka mgodi wa zamani wa New Almaden na kulala kwenye tope, na kinamasi kina tabia ya kuigeuza zebaki kuwa aina ile inayoingia katika nyama ya samaki. Na kulikuwa na ndege waliokwisha kuzoea mabwawa ya chumvi, wakila humo na kuzaliana humo. Kuyafungua yote kungewafukuza. Kwa hiyo mabwawa mengine yameachwa kuwa mabwawa. Nawaheshimu kwa hilo. Walikubali kwamba kilichoharibiwa kwa miaka 150 hakirudi kwa sherehe ya siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, wala hatuna majaruba ya chumvi. Tunayo ya mpunga. Tunayo matuta ya bustani za mchicha, chainizi na nyanya, tunayo mashimo ya matofali, tunayo mitaro iliyochimbwa ili bonde likauke. Na mahali pa mikoko, sisi tulikuwa na mafunjo.

Nataka niyasemee mafunjo, maana wengi wetu tumelelewa tukiyaona kuwa pori la mbu na chatu. Mafunjo hupanda mita nne hata tano. Mizizi na mashina yake ya chini husukana yakawa mkeka mzito, na kwenye maji marefu mkeka huo huelea, ukipanda na kushuka pamoja na ziwa. Mto kama Simiyu unapokaribia Ghuba ya Speke huja na udongo wa mashamba ya pamba na mahindi, kinyesi cha ng'ombe na mbolea. Ukikuta mafunjo, maji hupoteza mwendo. Udongo hukaa chini. Mbolea ambayo ingelisha ule uchafu wa kijani ziwani hunyonywa na kugeuzwa mabua. Ukikuta mfereji ulionyooka, vyote hivyo vinaingia ziwani kwa siku moja ya mvua kubwa.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 1927 na 1928, wataalamu wa Kiingereza waliochunguza uvuvi wa ziwa hili walitumbukiza sahani nyeupe kwa kamba, wakaendelea kuiona hadi kina cha mita saba au nane kule kwenye maji ya wazi. Kufikia miaka ya 1990 sahani kama hiyo ilipotea machoni kwenye mita mbili hivi, na karibu na ufukwe mapema zaidi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti wao hapahapa kwenye Ghuba ya Mwanza, walieleza kwamba jike la samaki wetu furu humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa machafu hawezi kuiona. Basi spishi zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika na kuwa moja. Tumezoea kusema furu waliliwa na sangara, na ni kweli, sangara aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 aliwafagia kwa wingi ilipofika miaka ya 1980. Lakini tope na mbolea zetu vilifanya kazi yao kimyakimya upande wa pili.

Na waliopona, walipona wapi? Baadhi yao ni ndani ya mafunjo. Katikati ya kinamasi maji yana hewa kidogo mno. Sangara ni samaki wa pumzi nyingi, hawezi kukaa humo. Kambare na kamongo wanaweza, kwa kuwa huibuka kuvuta hewa ya juu, na baadhi ya furu wanastahimili. Ngege wa asili, yule mtamu ambaye wazee wa mialo wanamzungumza mpaka leo, amekwisha karibu kabisa katika ziwa kubwa. Lakini kule Kenya ameendelea kuishi katika Ziwa Kanyaboli, lililokingwa na kinamasi cha Yala. Ukikausha kinamasi umebomoa ukuta uliokuwa unamzuia sangara, na mvuvi wa mwalo wako ndiye anayelipa.

Mwenye bomba la maji naye analipa. Mwanza inavuta maji yake ziwani, Capripoint na sasa Butimba, na kila uchafu unaoongezeka kwenye maji ni dawa zaidi, umeme zaidi na gharama zaidi kabla hayajafika kwako. Waganda walilipigia hesabu jambo hili mapema. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, kipo kati ya maji taka ya mji na ghuba ambayo mji huohuo unatekea maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi wa mazingira walikadiria kwamba kazi ya kusafisha inayofanywa na kinamasi kile ina thamani ya zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Hata hivyo kiliendelea kulimwa magimbi na kujengwa viwanda, na mitambo ya maji ya Ggaba ikaendelea kutibu maji machafu zaidi. Hesabu peke yake haijawahi kuzuia jembe. Mto wetu Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba chupa, maji ya gereji na ya vyoo, na hauna hata kipande cha mafunjo cha maana cha kuupokea kabla ya ziwa.

Hapa nataka niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Tumekuwa na siku nyingi za kupanda miti. Viongozi huja, miche huja na gari, picha hupigwa, na mwezi wa nane ukifika miche imeliwa na mbuzi. Mahali pengine, karibu kabisa na chemchemi, imepandwa mikaratusi, mti unaokunywa maji kuliko sisi sote. Pwani nako ni hivyohivyo: mtu anachomeka miche ya mkoko kwenye jaruba la chumvi lililoachwa, tuta likiwa bado zima, kisha anashangaa inakufa. Marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetayarisha mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara mwaka 1991, aliipanga misitu ile katika kanda nne, na mojawapo ni ya misitu iliyochoka, ambayo hufungwa ili ipone. Maji yakipita na mbegu zikiwapo, mkoko uitwao mchu ndio hutangulia, mingine ikafuata. Mkono wa mtu unahitajika pale tu ambapo mbegu haziwezi kufika.

Kwa mafunjo ni hivyohivyo. Ukiyakata juu, ndani ya mwaka mmoja yamerudi kimo chake, ili mradi shina la chini limebaki na maji yamebaki. Yanakufa pale tunapochoma moto wakati wa kiangazi, tukang'oa mkeka wake na kuchimba mtaro. Udongo wa kinamasi kilichokaushwa huoza na kunywea, ardhi inashuka mwaka hadi mwaka; mkulima wa bonde anajua, ndiyo maana kila msimu anachimba mtaro wake ndani zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuufukia mtaro na kulikata tuta mahali palipochaguliwa kwa akili, kisha kuzuia moto na ng'ombe, na kungoja.

Kungoja! Mtu atauliza, nani katika nchi hii anaweza kungoja? Msukuma anaweza. Amekwisha kufanya.

Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa imekatwa miti kwa kufukuza mbung'o, kwa pamba, kwa kuni, na kwa mifugo iliyozidi ardhi, mpaka Mwalimu Nyerere akauita mkoa ule jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni walikuja na vitalu vya miche, miti ya kigeni mingi. Kisha wakafanya jambo la busara ambalo wataalamu hawalifanyi mara nyingi: wakawasikiliza wazee. Wazee walikuwa na ngitili. Unalifunga eneo mvua zinapoanza, mifugo haiingii, majani na miti inainuka. Kiangazi kikishika kweli unalifungua kidogokidogo, ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wakapata malisho. Mizizi iliyokuwa imelala chini ya ardhi iliyoonekana tupu ikachipua. Kutoka hekta 600 hivi za ngitili zilizojulikana wakati mradi unaanza, zikafika zaidi ya hekta 300,000 baada ya kama miaka 15 au 20. Miti iliyorudi ni ile iliyokuwa pale zamani, na dawa za miti shamba zikarudi nayo, na asali, na ndege. Mwaka 2002 dunia iliitambua kazi hiyo kwa Tuzo ya Ikweta.

Siri ya ngitili, kwa maoni yangu, ni kwamba kila moja ilikuwa na mwenyewe. Nyingine ni ya kaya, nyingine ya kijiji, nyingine ya shule. Sheria ilitungwa katika dagashida, mkutano wa watu wa mahali palepale, faini ikajulikana, na sungusungu wakaisimamia. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijua atalipa nini na atalipa kwa nani. Hakuna askari wa msitu kutoka mjini ambaye angeweza kuzilinda hekta 300,000 kwa bunduki.

Basi nasema hivi: mwambao wa ziwa unahitaji ngitili zake. Kipande cha bonde pale mto unapoingia ziwani, kijiji kikakitambua, kikakiwekea mipaka inayoonekana na sheria ndogo iliyopitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtaro ukafukiwa, moto ukapigwa marufuku. Mafunjo yakirudi, yavunwe kwa zamu, upande huu mwaka huu, upande ule mwaka ujao. Yapo yanayosukwa mikeka, yapo ya kuezekea na ya kujengea uzio. Kambare atapatikana kwa migono pembeni. Vikundi vya ulinzi vya mialo, ambavyo tayari vinapambana na makokoro, viongezewe mamlaka juu ya mafunjo ya mwalo wao, kwa sababu samaki wao wanazaliwa humo.

Najua mpunga upo. Najua kwamba mwaka ambao mahindi yamekauka juu mlimani, bonde ndilo linalolipa ada na kuweka ugali mezani, na siwezi kukaa kwenye kipaza sauti nikamwambia mama wa Magu aondoke jarubani kwake akalinde ndege. Marekani waliacha baadhi ya mabwawa. Nasi tuache baadhi ya majaruba, yale ya juu, yaliyo mbali na mkondo, na tuanze kurudisha pale penye mdomo wa mto. Ila tusimnyang'anye mtu bonde lake. Kule kaskazini mwa Malindi, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, Marereni na Kurawa, malalamiko ya wenyeji yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikwenda kuwasikiliza hadharani: ardhi iliyochukuliwa, visima vilivyoingia chumvi, mikoko iliyopotea. Na Yala, ambako sehemu kubwa ya kinamasi ilikodishwa mwaka 2003 kwa kampuni ya kigeni ya kilimo, watu waliishia kugombana na mwekezaji kwa miaka mingi, mpaka alipoondoka yapata 2017. Bonde lililonyang'anywa kwa jina la maendeleo linaweza kunyang'anywa pia kwa jina la mazingira, na mkulima haoni tofauti.

Wale wa upande wa Geita wana jambo jingine la kuangalia. Dhahabu ya wachimbaji wadogo inakamatwa kwa zebaki, na vijito vya huko vinashuka ziwani kupitia mabondeni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo tumeahidi kuipunguza. Kabla ya kufungua maji kwenye bonde lililo chini ya machimbo, tope lipimwe kwanza. Alviso walipima, na pale walipokuta zebaki walienda polepole.

Nimalizie na mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tunaisikia sana sheria hii, na husikika zaidi pale anapofukuzwa mwenye bustani ya mchicha. Lakini mita 60 kutoka wapi? Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Maji yaliingia katika mahoteli, mialo, mashamba na nyumba za watu. Ziwa lenyewe lilikata matuta yetu, bila kijiko wala bajeti, na mahali pengi palipoachwa baada ya hapo matete na mafunjo yamekwisha kuchungulia. Kama mpimaji ataanza kuhesabu mita zake kutoka ukingo wa kiangazi, maji yakiwa yamerudi nyuma, tutauza tena viwanja vilevile na kujenga tena uzio uleule. Halmashauri zote za mwambao, kuanzia Busega na Magu, Ilemela na Nyamagana, hadi Misungwi, Sengerema na Buchosa, zinaweza kuweka vigingi vyao kwenye alama ya maji ya 2020 na 2024 wakati bado wapo watu wanaoikumbuka ilipofika. Wenyeviti wa vijiji na mitaa wanaonisikiliza, waulizeni wavuvi wenu. Watawaonyesha mti kwa mti na jiwe kwa jiwe.